Chuku za Picha Zilizoingia Mwanga



Neno letu la leo ni chuku. Chuku ni pembe ya kuumikia. Mwumikaji huchanja kidogo mahali panapouma, huweka pembe, hufyonza hewa iliyomo, na ngozi huvimba. Na mtu anayeikuza habari naye huambiwa anapiga chuku. Ukiyatazama mambo haya mawili utaona yanafanana: habari ilikuwa ndogo kama chunjua, mwenyewe kaifyonza mpaka imekuwa boga.

Chuku siyo uongo hasa. Mwongo anataka umwamini, na ukimgundua hukasirika. Mpiga chuku anajua kwamba unajua. Anakutazama usoni, wala hacheki, anangoja uongeze ya kwako. Pwani yetu hii, toka Kunduchi na Bunju mpaka Bagamoyo, Winde na Saadani, mchezo huu una wenyewe, nao ni watani. Mzaramo, Mkwere, Mdoe, Mzigua, kila mmoja ana mtani wake wa kumwambia lisiloambika. Wanyamwezi nao, waliokuwa wakishuka na misafara ya pembe za ndovu mpaka Bagamoyo katika karne ya 19, waliingia katika utani na Wazaramo, na utani huo haujaisha. Kwa mtani chuku ni haki yake. Mtani akikaa kimya msibani, watu humwuliza kama anaumwa.

Leo tutatazama chuku za aina moja tu: zile zinazotokana na picha za zamani za filamu ambazo zilitoka na mwanga wa ajabu. Picha hizo zimo katika masanduku yetu mengi. Ipo ya harusi yenye ulimi wa moto pembeni. Ipo ya jahazi linaloelea juu ya minazi. Ipo ya mama mwenye macho mekundu kama makaa. Vijana waliozaliwa wakaikuta simu ya kupigia picha wakiziona huuliza, "Hii nini?" Hapo mzee mmoja hukohoa, akavuta mkeka karibu, akaanza.

FILAMU NI KITU GANI

Kabla ya kucheka tujue kwanza kitu chenyewe. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa utando mwembamba sana. Utando huo ni jelatini, inayotengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na ndani yake mna chembe ndogo ndogo za chumvi ya madini ya fedha. Ndiyo, fedha ile ile ya bangili. Chumvi hii siyo ya kutia mchuzini. Chembe zake zikipata mwanga, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, hubadilika, lakini kwa macho huoni kitu. Fundi huutia mkanda katika dawa, gizani, na zile chembe zilizopata mwanga huwa nyeusi. Kwa hiyo katika mkanda uliosafishwa mambo yako kinyume: kanzu nyeupe ni nyeusi, na nywele nyeusi ni nyeupe. Dawa ya pili huziondoa chembe zilizobaki, ili mkanda ukitolewa nje usiendelee kuungua. Kisha fundi hupitisha mwanga wa taa katika mkanda ule mpaka juu ya karatasi maalumu, na kinyume cha kinyume kikawa sura yako.

Sasa shika jambo hili moja. Filamu haichagui mwanga. Mwanga uliopita kwenye lenzi kwa adabu, na mwanga ulioingia kwa ufa kama mwizi, kwake ni sawasawa. Hupokea wote. Tena haikuwezekana kuitazama picha papo hapo. Mkanda mmoja wa milimita 35 ulikuwa na picha 24 au 36. Watu waliungoja mpaka uishe, ndipo upelekwe mjini kusafishwa. Wiki mbili, mwezi, miezi mitatu. Picha iliporudi, aliyepigwa keshasahau alisimama wapi na jua lilikuwa upande gani. Kusahau huko ni shamba zuri la chuku, tena lina mbolea.

Joto la pwani nalo lilikuwa adui wa kazi hii tangu mwanzo. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha Unguja. Safari ilipoondoka Bagamoyo kwenda bara, kazi ya kushughulikia picha ndani ya hema lililofungwa, kwenye joto lile, haikuwezekana. Ikaachwa, naye akawa anachora kwa mkono.

MOTO WA HARUSINI

Chuku zinazofuata nimezitunga mwenyewe kwa mtindo wa barazani, ili nisimsemee mtu. Tuanze na ile picha ya harusi, ya rangi. Bwana na bibi harusi wamekaa kwenye viti, na upande wa shoto umepanda ulimi mwekundu, mpana, unaokaribia kumlamba bwana harusi sikio. Mzee anasema:

"Huo siyo moto, bwana. Ni pilau. Siku ile mpishi alitoka Tanga, na yeye bizari hapimi kwa kijiko, anapima kwa koleo. Alipofunua sufuria, mvuke ulitoka mwekundu. Bibi harusi akapiga chafya. Nyumba ya tatu wakapiga chafya. Unguja watu wakafunga madirisha. Mpiga picha kasimama njiani, mvuke ukamwingia kwenye kamera ukaunguza upande mmoja. Mkanda ulipotoka mjini, fundi alitia kibarua ndani ya bahasha: picha mnalipia, harufu nimewapa bure."

Na mtani wake, bila kutabasamu, anajibu: "Kweli kabisa. Ilikuwako na picha ya pili. Mimi niliila."

Haya, sasa kweli yake. Kamera ya filamu ina mlango mgongoni, wa kuingizia mkanda. Kingo za mlango huo hutiwa sponji au uzi mweusi ili mwanga usipenye. Sponji hiyo ikizeeka, na kwenye joto na unyevu wetu huzeeka upesi, hugeuka kitu kama lami, kisha humeguka. Panabaki ufa mwembamba kuliko unywele. Jua la saa saba halihitaji zaidi ya hapo. Wakati mwingine sababu ilikuwa ni mtoto tu: kaufungua mlango kuchungulia kama watu wamo ndani.

Kwa nini mwekundu? Hapa pananipendeza sana. Filamu ya rangi ina tabaka zilizopangwa kama chapati za maji kwenye sahani. Ya juu, inayotazama lenzi, hupokea mwanga wa buluu. Ya katikati hupokea kijani. Ya chini kabisa hupokea mwekundu. Mwanga wa kawaida huanzia juu. Lakini mwanga mwizi, ulioingia kwa mlango wa nyuma, hukutana kwanza na tabaka ya chini, ile ya wekundu. Basi picha inaungua kwa rangi nyekundu au ya machungwa. Ukiona ulimi wa moto katika picha ya zamani, mara nyingi jua liliingia uani wala halikubisha hodi mbele.

JAHAZI JUU YA MINAZI

Picha ya pili ni nyeusi na nyeupe. Linaonekana Boma la Bagamoyo, lile lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897, lenye ghorofa. Kando yake ipo minazi, na juu ya minazi, tanga limejaa, linapita jahazi.

"Mwaka ule kusi ilivuma mpaka minazi ikalala kifudifudi. Tulitoka Unguja alfajiri. Kufika karibu na pwani, nahodha akasema, tueni tanga! Nani atue? Kila mtu kashika kofia yake kwa mikono miwili. Chombo kikapanda mchanga, kikapanda minazi. Tukawa tunachuma madafu huku tumekaa. Tulipopita Boma, bwana ushuru akafungua dirisha la juu, tukamlipa, akaturudishia na chenji. Tukaenda kutua Msata."

"Hamkutua Msata," anasema mtani. "Mlituangukia sisi Lugoba, na jahazi lenyewe mpaka leo tunafugia kuku."

Kweli yake ni hii. Katika kamera nyingi za zamani, kubonyeza na kusogeza mkanda vilikuwa vitendo viwili mbalimbali. Mtu alipiga picha ya jahazi ufukweni, akasahau kusogeza, akaenda zake mpaka Boma, akabonyeza tena. Picha mbili zikakaa mahali pamoja. Na ukiitazama vizuri utagundua jambo: jahazi linaonekana kwenye minazi na kwenye kivuli cha ukuta, wala halionekani kwenye anga. Pale penye anga jeupe filamu ilikwisha kuungua yote, haikubaki nafasi ya kuchora kitu kingine. Penye giza, chembe zilikuwa bado hazijaguswa. Kwa hiyo jahazi hukaa gizani tu, kama mgeni anayetafuta kiti kisicho na mtu.

Mafundi wa studio walijua kulifanya kosa hili makusudi. Walifunika nusu ya lenzi, wakampiga mtu upande wa kulia, wakamhamisha, wakampiga upande wa shoto. Picha ikatoka na bwana mmoja aliyekaa meza moja na yeye mwenyewe, anajimiminia chai. Huo ulikuwa ni mchezo, na mwenye picha alijua alichokilipia.

Lakini wapo waliotumia ufundi huo kwa watu wasiojua. Huko Marekani, katika miaka ya 1860, mpiga picha wa Boston aitwaye William Mumler alianza kuuza picha ambazo nyuma ya mteja husimama mtu wa ukungu. Mteja aliambiwa ni roho ya ndugu yake aliyekufa. Wakati ule Wamarekani walikuwa wamepigana vita wao kwa wao, nyumba nyingi zilikuwa na msiba. Mwaka 1869 Mumler alishtakiwa New York kwa udanganyifu, lakini ushahidi haukutosha, akaachiliwa. Baadaye alimpiga picha Mary Lincoln, mjane wa Rais Abraham Lincoln aliyeuawa mwaka 1865, na katika picha hiyo yumo mtu wa ukungu aliyemwekea mjane mikono mabegani. Picha ipo mpaka leo. Mimi siioni kama chuku. Mpiga chuku na msikilizaji wake wanacheka pamoja, na hapa aliyecheka ni mmoja.

Kinyume chake ni ile habari ya Cottingley, kijiji cha Uingereza. Mwaka 1917 wasichana wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walipiga picha wakiwa pamoja na vijitu vidogo vyenye mabawa. Wenyewe walitaka kuwachezea wakubwa wao tu. Bahati mbaya wakubwa waliamini. Mwandishi mashuhuri Arthur Conan Doyle aliziandikia makala gazetini mwaka 1920, dunia ikajaa maneno. Wasichana wakaona aibu kusema. Walikuja kueleza mwaka 1983, wakiwa bibi vizee: vijitu vile vilikuwa picha za karatasi, wamezikata na kuzisimamisha kwa pini za kofia. Miaka 66 ya kuibeba chuku moja!

SAHANI ZA KUNDUCHI

Hii ni fupi. Picha imepigwa kwenye magofu ya Kunduchi, saa za jua kali. Kutoka pembe ya juu vinashuka viduara vya mwanga, vimepangwa mstari mmoja. Wanaopajua Kunduchi wanajua kwamba nguzo za makaburi ya kale pale zilipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa ukutani. Basi chuku yake iko tayari: "Ni bakuli zile, zinatoka kila saa nane mchana kutafuta wali."

Ni jua. Lenzi ni vioo kadhaa ndani ya mkebe mmoja. Jua likiipiga lenzi usoni, mwanga hurukaruka toka kioo hadi kioo, na kila mruko huacha alama yake. Hesabu pembe za alama hizo. Mara nyingi utaona siyo duara kamili, zina pembe tano au sita, maana ndivyo lilivyo tundu la ndani ya lenzi linalopunguza mwanga. Aliyepiga angeweka kiganja juu ya lenzi kama anayejikinga jua machoni, bakuli zingebaki ukutani.

MACHO MEKUNDU

Hii sitaipigia chuku.

Picha imepigwa ndani, usiku, kwa flashi. Mama wa watu amekaa kitandani na mjukuu wake, na macho yake yanawaka mekundu. Sababu ni rahisi. Gizani mboni ya jicho hufunguka sana. Flashi iliyo karibu na lenzi ikiwaka ghafla, mwanga huingia mpaka nyuma ya jicho, penye mishipa mingi ya damu, hurudi njia ile ile na kuingia kwenye lenzi ukiwa na rangi ya damu hiyo. Mbuzi na paka wana utando kama kioo nyuma ya macho yao, kwa hiyo wao huwaka kijani au manjano. Mtu huwaka mwekundu. Wewe pia, ndugu msomaji, na mimi, na mwenyekiti wa kijiji.

Nakaza jambo hili kwa sababu. Katika nchi yetu, hasa huko Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama iliyotajwa ni macho mekundu. Macho hayo yaliletwa na moshi wa kuni na wa samadi, miaka mingi jikoni wakiwapikia watu wale wale. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo ingali inatumika, inasema kumtaja mwenzako kuwa ni mchawi ni kosa. Wengi hudhani sheria ile ni ya kumfunga mchawi tu. Isomeni. Inamkamata na mdomo.

Sasa tazama njia ya chuku. Mtani barazani anaishika picha ya yule mama, anasema, "Huyu usiku hapandi basi, ana ungo wake." Watu wanacheka, na mama mwenyewe anacheka, maana ni mtani wake, na kesho atamlipa. Lakini mlangoni amesimama mtoto wa miaka saba. Yeye si mtani. Hajui kwamba pale panachezwa. Na siku hizi picha za sandukuni hupigwa tena kwa simu na kutumwa katika makundi. Chuku iliyotungwa Dunda asubuhi inafika Geita jioni, peke yake, imemwacha mtani wake barazani. Anayeisoma kule anaona mwanamke mzee, macho mekundu, na maneno. Chuku ya pilau inamdhuru nani? Haina mtu ndani yake. Hii ina mtu, ana nyumba, na njia ya kwenda kwake inajulikana.

Kwa maoni yangu, picha ya mtu aliye hai isipigiwe chuku na asiye mtani wake, na isitoke nje ya baraza. Najua wapo watakaosema Afisa Elimu anatuharibia mchezo. Minazi ipo, jahazi lipo, pilau ipo. Mchezo hautakosa chakula.

NYUMA YA PICHA

Geuza picha. Mara nyingi nyuma ni peupe. Hapana jina, hapana mahali, hapana mwaka. Aliyejua yote hayo alikuwa mzee mmoja, na siku akiondoka kitabaki kile ambacho mwanga mwizi umekichora, pamoja na lolote tutakalobuni. Picha za studio ya Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zina faida kubwa leo kwa sababu zilitunzwa. Za kwetu zimo chini ya mtungi.

Kwa hiyo, fanya hivi. Mkalishe mzee, mshikishe picha, muulize: Ni nani hawa? Wapi? Mwaka gani, au ilikuwa baada ya jambo gani? Kama karatasi ni ya kawaida, igeuze juu ya meza ngumu, andika nyuma kwa penseli laini, taratibu. Kalamu ya wino hukandamiza mpaka alama zikatokea usoni kwa mtu. Kama nyuma ni ya kuteleza, penseli haitashika. Andika kwenye kipande cha karatasi, ukiweke pamoja na picha katika bahasha. Usiitie picha katika mfuko wa nailoni. Pwani hewa ina maji na chumvi, na ndani ya nailoni kuvu hustawi, akala jelatini kama alavyo mkate. Vile vidoa kama nyota unavyoviona angani katika picha ya mchana ni yeye. Na picha iliyoganda kwenye kioo usiibandue. Ipige kwa simu hivyo hivyo ilivyo, kivulini, kioo kisiakisi jua.

Rangi zikiwa zimegeuka nyekundu tupu usishtuke. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 hupoteza rangi ya buluu kwanza, ikabaki nyekundu. Babu hakuwa Mzungu.

KAZI YA KIKUNDI

Mkutanapo, kila mtu alete picha moja ya zamani yenye mwanga wa ajabu, isiwe ya mtu atakayeumia. Kwanza ipitishwe kwa wote, kila mmoja akisie mwanga uliingia wapi: mlangoni, kwenye lenzi, kwenye flashi, au mkanda haukusogezwa. Kisha kila mwenye picha aandike sentensi tano za chuku na sentensi mbili za kweli. Chuku ziandikwe kwenye daftari na kusomwa kwa sauti, watani wajibu. Zile mbili za kweli ziandikwe nyuma ya picha. Penseli mje nazo.